Kifurushi: nani amekifunga?

Furushi ni mzigo uliofungwa kwa nguo. Kifurushi ni mdogo wake. Simu zimeliongezea neno hili kazi: kifurushi cha intaneti, au bando kama tusemavyo mtaani. Ila anayefunga furushi ndiye anayechagua cha kutia ndani.

Mwalimu wa biolojia anatuma kiungo cha video ya mgawanyiko wa seli kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mwanafunzi mwenye bando la WhatsApp pekee anausoma ujumbe, anabonyeza kiungo, kiduara kinazunguka, basi. Amekaribishwa barazani, ndani hajaingia.

Hapo ndipo ulipo mjadala wa usawa wa mtandao, dhana ambayo mwanasheria Tim Wu aliipa jina lake la Kiingereza mwaka 2003: mwenye bomba asibague maji yanayopita. Watetezi wa bando za aina hii hujibu kwamba kidogo si haba. India haikuridhika, Februari 2016 mdhibiti wake wa mawasiliano alipiga marufuku bei za data zinazobagua maudhui.

Kwa hiyo mwalimu, kabla ya kutuma kiungo, uliza: kifurushi cha mwanafunzi kimeacha nini nje?