Kwa nini jirani yangu Msabato hali kambale?

Ndugu zangu, mimi nilikulia Musoma, mtaa ambao karibu nusu ya majirani ni Wasabato. Sisi ni Walutheri. Kwetu chai ya rangi haikukosekana asubuhi na jioni, na siku baba akirudi na kambale ilikuwa sikukuu. Kwa jirani yetu hakukuwa na chai, wala kambale, wala kitimoto. Kulikuwa na mchaichai, uji, karanga na mboga za majani. Sisi watoto tulimcheka sana yule mama. Tulisema ana dini ya tumboni.

Mwaka huu mama yangu amekutwa na kisukari. Daktari akampa karatasi ya mambo ya kufuata: apunguze sukari na mafuta, mboga za majani kwa wingi, nafaka zisizokobolewa, maharage, kutembea kila siku. Mama aliisoma mara mbili, akaniangalia, akasema, "Hii si ndiyo sahani ya jirani?"

Basi nikaona nifanye kazi yangu, yaani kuuliza. Haya mambo yalianzia wapi? Nilidhani kuna mtu alifungua Mambo ya Walawi sura ya 11, akakuta samaki asiye na magamba amekatazwa, na hadithi ikaishia hapo. Kumbe sivyo. Nilichokikuta kilianza taratibu, kikapita misibani, na kilichukua zaidi ya miaka 30 kukaa sawa.

Turudi Marekani. Mhubiri mmoja aitwaye William Miller aliwafundisha watu kwamba Kristo yuko karibu kurudi, na wafuasi wake wakaishia kuitazamia tarehe 22 Oktoba 1844. Siku ikapita. Wengi wakarudi makwao na aibu yao. Katika wachache waliobaki wakiisoma Biblia upya walikuwemo nahodha mstaafu wa meli, Joseph Bates, na vijana wawili waliooana mwaka 1846, James na Ellen White.

Bates alikuwa ameshaacha pombe, tumbaku, chai, kahawa na nyama kabla hata ya hiyo 1844. Hakumlazimisha mtu. Wenzake waliendelea kula kama Wamarekani wengine wa siku hizo: nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, vyakula vya kukaanga kwa mafuta mengi, mboga na matunda kidogo. Hata nyumbani kwa akina White nguruwe alikuwa analiwa. Mwaka 1858 ndugu mmoja, Stephen Haskell, alitaka waumini wakatazwe nguruwe. Ellen White akamwandikia kwamba asiwabane watu kwa maoni yake. Kama Mungu anataka waache, ataonyesha kanisa zima na si watu wawili watatu. Hebu fikiria: mama ambaye leo tunamhusisha na marufuku ya kitimoto ndiye aliyeanza kwa kusema msiwalazimishe watu.

Kilichobadilisha mambo ni magonjwa. Tiba ya wakati ule ilitisha. Mgonjwa alitolewa damu, au alipewa kalomeli, dawa yenye zebaki, au afyuni. Mara nyingi mtu aliumwa na ugonjwa, halafu akaumwa na dawa. Akina White walimzika mtoto mchanga mwaka 1860. Mwanzoni mwa 1863 wawili kati ya watoto wao wa kiume waliugua dondakoo, ugonjwa uliokuwa unamaliza watoto. Ellen alikuwa amesoma makala ya daktari James C. Jackson wa Dansville, New York, iliyoshauri maji, hewa safi, mapumziko na chakula chepesi. Akaifuata, watoto wakapona.

Mei 1863 kanisa la Waadventista Wasabato likaundwa rasmi mjini Battle Creek, Michigan. Wiki mbili hivi baadaye, jioni ya tarehe 5 Juni, katika nyumba moja karibu na Otsego, Ellen White, akiwa na miaka 35, alisema amepata maono. Ujumbe wenyewe: kutunza mwili ni wajibu wa kidini. Kula hovyo, kujaza tumbo, tumbaku, pombe na kazi isiyo na mapumziko si makosa ya afya tu, ni makosa mbele za Mungu. Desemba ya mwaka huohuo mtoto wao mkubwa, Henry, mwenye miaka 16, alikufa kwa nimonia. Mwaka 1865 James akapooza. Hawa hawakuwa watu wanaotunga sheria za chakula wakiwa wameshiba na wazima. Walikuwa wanatafuta namna ya kutokufa.

Hapa niseme ukweli wote. Mwaka 1976 mwanahistoria Ronald Numbers, aliyelelewa katika kanisa hilohilo, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba mengi aliyoyaandika Ellen White yalikuwa yameshasemwa na wanamageuzi wa afya wa wakati wake, kina Sylvester Graham na huyo Jackson. Kitabu kilizua mtafaruku. Waumini wanajibu kwamba Mungu anaweza kuthibitisha yale ambayo wengine wameyaona. Mimi si mchungaji, sitaamua kesi hiyo. Ninachokiona ni kwamba Graham na wenzake walibaki kwenye vitabu vya historia, lakini huyu mama aliliingiza jambo kwenye ibada, na ndiyo maana likafika mpaka kwa jirani yetu Musoma.

Septemba 1866 wakafungua kituo cha tiba Battle Creek. Mwaka 1876 kikakabidhiwa kwa daktari kijana wa miaka 24, John Harvey Kellogg, ambaye akina White walisaidia kumsomesha. Ndiyo, Kellogg huyohuyo wa kwenye maboksi ya nafaka. Alikifanya kituo kuwa maarufu duniani. Mwaka 1894 yeye na mdogo wake, Will Keith, wakihangaika kuwapatia wagonjwa chakula chepesi, walipata namna ya kuifanya ngano iliyopikwa itoke vipande vyepesi vikavu. Mahindi yakafuata. Lakini mdogo aliona biashara, na alitaka kuongeza sukari. Kaka akagoma. Mwaka 1906 Will alianzisha kampuni yake, na ndugu hao wakaishia mahakamani. Mwaka 1907 daktari mwenyewe alitengwa na kanisa, baada ya ugomvi wa mafundisho na wa madaraka. Chakula kilichobuniwa kwa ajili ya wagonjwa leo kinauzwa dukani, na aina nyingine zimejaa sukari ileile ambayo daktari aliikataa.

Na Ellen White mwenyewe? Hakubadilika kwa siku moja. Nyama aliiacha, akairudia mara kwa mara alipokuwa safarini au mgonjwa. Mwaka 1882 alimwandikia mkwewe amnunulie chaza wa makopo, kiumbe ambacho hakina magamba kabisa. Aliiondoa nyama mezani kwake moja kwa moja mwaka 1894 akiwa Australia, miaka zaidi ya 30 baada ya Otsego. Wengine wanaitumia barua ile ya chaza kumcheka. Mimi imenifanya nimpende kidogo. Ni mtu anayejaribu kutii, anateleza, anasimama tena.

Ujumbe huu ulifika kwetu mapema. Mwaka 1903 wamisionari wa Kisabato kutoka Ujerumani waliingia milima ya Upare, wakaanzia Giti. Mwaka 1906 wengine wakafika Gendia, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Fikiria kumwambia mtu wa ziwani aache kambale! Wapo waliokataa, na wapo waliokubali, na wajukuu wao ndio majirani zetu.

Sasa swali la mwandishi wa habari: je, ilisaidia? Watafiti wa Loma Linda, California, wamewafuatilia Wasabato tangu 1958. Utafiti ulioanza 2002 ulichukua watu wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada. Matokeo yaliyotolewa 2001 kutoka utafiti wa kabla yake yalionyesha kwamba Wasabato wanaume wa California waliishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4. Sababu zilizotajwa ni za kawaida mno: kutovuta sigara, kula zaidi vya mimea, kula jamii ya korosho mara kwa mara, mazoezi, na kutonenepa kupita kiasi. Kambale hayumo kwenye orodha.

Na hapo ndipo ninapotaka tutafakari, ndugu zangu Wakristo wa madhehebu yote. Ninawajua Wasabato wasiogusa kitimoto lakini wanashushia soda tatu kwa siku. Ninatujua sisi Walutheri, tunaosoma 1 Wakorintho 10:31, kwamba kula na kunywa kuwe kwa utukufu wa Mungu, halafu tunatoka kanisani moja kwa moja kwenye chipsi na nyama choma mpaka jioni. Wote tumechukua kipande. Mmoja anahesabu alichokiacha, mwingine anajisifu kwa uhuru wake, na wote tunakutana kliniki ya kisukari. Danieli wa sura ya kwanza hakuwa anajivunia mboga zake mbele ya mfalme. Alikuwa anataka abaki mwaminifu, na abaki na akili timamu ya kufanya kazi.

Mama yangu bado ni Mlutheri, na hana mpango wa kuhama. Ila siku hizi, asubuhi, anapita kwa jirani na wanatembea pamoja mpaka ufukweni na kurudi. Wakirudi wanakunywa mchaichai bila sukari. Wiki iliyopita nilimpigia simu nikamuuliza jirani amesema nini kuhusu miaka yote ile tuliyomcheka. Akanijibu, "Hajasema kitu. Ameniletea karanga."

Nawasilisha.