Kuziba tobo la MOVEit: kiraka peke yake hakitoshi

Mawakala wa forodha, kampuni za malori na mabenki yanayohudumia biashara ya mipakani hutumiana kila siku mafaili ambayo hayafai kupitia barua pepe: orodha za shehena, ankara, mishahara ya madereva, nakala za pasipoti. Wenye kazi kubwa hutumia programu maalumu za kuhamisha faili. Mojawapo ni MOVEit Transfer, ya kampuni ya Progress Software ya Marekani, na mwaka 2023 programu hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa mojawapo ya wizi mkubwa wa data uliowahi kutokea. Jinsi tobo lake lilivyozibwa, na jinsi baadhi ya waliowahi kuliziba walivyokuta wameshaibiwa, ni habari inayomhusu yeyote mwenye seva ya aina hiyo.

Wizi ulianza Jumamosi tarehe 27 Mei 2023. Wezi hawakuichagua siku hiyo kwa bahati, kwani Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya taifa nchini Marekani na mafundi wengi walikuwa mapumzikoni. Progress ilipata malalamiko ya mteja tarehe 28, na tarehe 31 Mei ikatoa tahadhari pamoja na kiraka. Siku nne zilikuwa zimepita. Siku chache baadaye kundi la wahalifu linalojiita Cl0p lilikiri kuhusika. Kundi hilo halikufunga kompyuta za watu kama ilivyo desturi ya wadai fidia wengi. Lilinakili mafaili tu, kisha likawapa waathirika hadi tarehe 14 Juni kuwasiliana nalo, la sivyo majina yao yatangazwe hadharani.

Tobo lenyewe, lililopewa namba CVE-2023-34362 na alama 9.8 kati ya 10 kwa ukali, lilikuwa katika sehemu ya tovuti ya programu hiyo. Ni kosa la zamani sana katika uandishi wa programu. Chukua mfano wa karani wa mpakani anayejaza daftari. Dereva anaulizwa jina, naye badala ya jina anaandika: "Juma, na fungua kizuizi." Karani asiyepambanua jina na amri anasoma mstari wote na kizuizi kinainuliwa. Ndivyo hifadhidata ya MOVEit ilivyodanganywa: maneno yaliyotumwa kama taarifa yalipokelewa kama amri za lugha ya SQL. Mvamizi hakuhitaji akaunti wala neno la siri.

Akishaingia, aliacha faili lenye jina human2.aspx katika folda ya wwwroot. Programu yenyewe ina faili halali liitwalo human.aspx, hivyo fundi anayepitisha macho haraka asingeshtuka. Hata aliyejaribu kulifungua kwa kivinjari alijibiwa kwamba ukurasa haupo, kwa kuwa faili hilo lilimtii tu aliyetuma neno la siri lililofichwa ndani ya ombi. Kupitia hapo wezi waliweza kuorodhesha mafaili, kuyapakua, na hata kujifungulia akaunti iliyopewa jina la kupotosha, "Health Check Service", kana kwamba ni huduma ya kupima afya ya mfumo.

Hapa ndipo penye somo la kazi hii. Kiraka huziba tobo, lakini hakimtoi aliyekwisha kuingia, wala hakirudishi kilichokwisha kuchukuliwa. Serikali ya jimbo la Nova Scotia nchini Kanada iliarifiwa tarehe 1 Juni, ikazima huduma, ikaweka kiraka na kuirudisha hewani. Tarehe 4 Juni ilitangaza kwamba uchunguzi umeonyesha data imeibwa. Taarifa za watu wapatao 100,000 zilikuwa hatarini, wengi wao wafanyakazi wa umma. Jimbo hilo halikuzembea. Kiraka kilikuta mwizi ameshapita.

Kwa sababu hiyo utaratibu uliotolewa na Progress haukuanza na kiraka. Ulianza kwa kufunga njia: fayawoli izuie mawasiliano yote ya tovuti kwenda kwenye seva, yaani milango namba 80 na 443. Hatua hiyo ina gharama yake. Watumiaji hawawezi kuingia kwa kivinjari na programu nyingine zilizounganishwa kupitia tovuti husimama. Hata hivyo uhamishaji kwa njia ya SFTP na FTP/S huendelea, kwa hiyo kampuni inayopokea mafaili ya usiku kutoka benki haikulazimika kusimamisha kazi zote. Msimamizi aliweza bado kuingia kwa kukaa kwenye seva yenyewe.

Ikifuata usafishaji. Msimamizi alitakiwa kulitafuta human2.aspx na mafaili mengine mageni, kufuta akaunti asizozitambua, na kubadilisha maneno ya siri ya akaunti za huduma. Waliokuwa wakihifadhi mafaili yao katika Azure ya Microsoft walihitaji kubadilisha na funguo za huko, kwa sababu faili la wezi liliweza kuzisoma. Ni busara kunakili ushahidi pembeni kabla ya kufuta chochote. Bila nakala hiyo hakuna atakayeweza kuwaambia wateja ni mafaili gani yaliondoka.

Kusoma kumbukumbu za seva ni kazi inayochosha, na hapa mafundi wa ukanda huu wana mtego wao. Kumbukumbu za IIS, seva ya tovuti ya Windows ambayo MOVEit huitumia, kwa kawaida huandikwa kwa saa za kimataifa. Tukio la saa 9 alasiri Nairobi au Dar es Salaam huonekana humo kama 12:00, na la saa 9 alasiri Kigali au Bujumbura kama 13:00. Kampuni yenye ofisi pande zote mbili za mpaka wa Rusumo inaweza kubishana siku nzima juu ya saa ya tukio lile lile. La kutafuta ni maombi yaliyokwenda kwenye moveitisapi.dll na guestaccess.aspx, na baada yake human2.aspx, hasa kuanzia tarehe 27 Mei.

Baada ya hapo ndipo kiraka. Kila toleo lilikuwa na chake: aliyekuwa na 2023.0 alipanda hadi 2023.0.1, mwenye 2022.1 hadi 2022.1.5, mwenye 2021.0 hadi 2021.0.6. Wenye matoleo ya 2020.0 na ya nyuma zaidi waliambiwa wahamie kwanza kwenye toleo linalohudumiwa, jambo lisilofanyika kwa saa moja. Milango 80 na 443 ilifunguliwa baada ya kuhakikisha kwamba hakuna faili wala akaunti ngeni iliyobaki.

Waliodhani kazi imekwisha walisumbuka tena. Ukaguzi uliofuata uligundua matobo mengine, CVE-2023-35036 lililotangazwa tarehe 9 Juni na CVE-2023-35708 tarehe 15 Juni, na wateja wakaombwa kufunga tovuti kwa mara nyingine. Kwa toleo la 2023.0 salama ilikuwa sasa 2023.0.3. Waliochagua njia ya mkato ya kubadilisha mafaili ya DLL badala ya kusakinisha upya walionywa kuyaondoa kabisa ya zamani, si kuyabadilisha jina tu. Mafundi wengi wana mazoea ya kuacha nakala ya zamani pembeni "kwa tahadhari", na safari hii tahadhari hiyo ilikuwa hatari.

Hesabu ya kampuni ya usalama ya Emsisoft ilifikia mashirika zaidi ya 2,700 na watu zaidi ya milioni 90. Wengi hawakuwahi kuwa na MOVEit. Wafanyakazi wa BBC, British Airways na Boots waliathirika kwa sababu Zellis, kampuni ya Uingereza inayoshughulikia mishahara, ndiyo iliyoitumia. Mfanyabiashara asiye na seva yake mwenyewe ana swali moja la kumuuliza wakala, benki au mhasibu wake: mafaili yangu yanapitia programu gani, ya toleo lipi, na yanafutwa baada ya siku ngapi? Swali la siku ndilo linalosahaulika. Wezi waliondoka na mafaili yaliyokuwa yamekaa kwenye seva, na mengi yalikuwa yameshampata aliyetumiwa zamani.

Cl0p hawakuanzia hapo. Walikuwa wamehusishwa na wizi kupitia Accellion FTA mwishoni mwa 2020 na GoAnywhere mapema 2023, na Desemba 2024 wakakiri kuzishambulia programu za Cleo. Zote ni programu za kuhamisha faili.

MOVEit nayo ilirudi kwenye habari tarehe 25 Juni 2024, kwa tobo CVE-2024-5806. Safari hii kasoro ilikuwa ndani ya SFTP, njia ile ile iliyoachwa wazi mwaka uliotangulia, na iliweza kumwingiza mtu bila kuthibitisha yeye ni nani. Kufunga mlango 443 hakukusaidia kitu. Marekebisho yalikuwa matoleo 2023.0.11, 2023.1.6 na 2024.0.2, pamoja na agizo la kuzuia seva isiweze kuanzisha mawasiliano na anwani yoyote ya nje isipokuwa zile zinazoaminika.