Filta Kwenye Simu Yako Ilizaliwa Kabla ya Simu Yako

Watu wangu wa Kericho na Bomet, leo siongei bei ya majani chai. Naongea kuhusu kile kitufe kwenye programu ya kuhariri sauti, kile kinachokata mvumo wa chini. Wengi wetu tunakivuta tu hadi isikike poa.

Mwaka jana nilikitumia kusafisha kaseti ya kugo. Alirekodiwa nyumbani Konoin akisimulia maisha ya kuchuna chai, na nyuma yake kulikuwa na mvumo wa umeme, ule wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Nikaweka mkato kwenye hezi 300. Mvumo ukaisha, nikafurahi, nikahifadhi juu ya faili ya kwanza. Shangazi aliposikiliza akauliza, "Huyu ni nani?" Kugo alikuwa na sauti nzito. Mimi nilibakisha mtu anayeongea kwa simu ya mezani. Na kaseti yenyewe ilishatafunwa na redio.

Hapo ndio nikaanza kufuatilia hii kitu inatoka wapi. Chuo nilikuwa nimeacha kabla sijaielewa.

Mwaka wa 1930 mwanafizikia Mwingereza, Stephen Butterworth, alichapisha kazi yake kuhusu filta. Wakati huo filta ni kitu unashika kwa mkono: koili ya waya, kapasita, rizista. Kapasita hujaa umeme polepole na kuutoa polepole, kwa hivyo haiwezi kufuata mtetemo wa haraka sana. Ukiipanga vizuri, wa haraka unafifia na wa polepole unapita. Butterworth alionyesha venye utachagua vipimo vya hivyo vifaa ili sauti unazotaka zipite kwa nguvu sawa, bila mabonde na milima, halafu zingine zishuke. Angalia programu yako vizuri, jina lake mara nyingi liko hapo.

Shida ni kwamba kompyuta haina kapasita ya kuchuja sauti. Ina namba. Sauti ya CD ni vipimo 44,100 kila sekunde, basi. Sasa namba itajaaje polepole?

Jibu ni kumbukumbu. Chukua tisa ya kumi ya jibu lako lililopita, ongeza moja ya kumi ya kipimo kipya. Hilo ndilo jibu jipya. Rudia kwa kipimo kinachofuata. Jibu haliwezi tena kuruka ghafla, kwa sababu kila mara linabeba yaliyopita. Hiyo ndiyo filta ya kujirejelea, na tayari inafanya kazi kama rizista na kapasita moja.

Lakini nani alisema iwe tisa ya kumi, si nane? Hapa ndio napenda hii historia: watu hawakuanza upya. Mwaka wa 1947 mhandisi Mwingereza Arnold Tustin alichapisha njia ya kugeuza hesabu ya kitu kinachoenda bila kukatika iwe hesabu ya vipimo vinavyofuatana. Kati ya vipimo viwili, unachukua wastani wao na kusonga mbele. Miaka ya 1960 watu kama James Kaiser wa Bell Labs, Marekani, walitumia njia ya aina hiyo kuhamisha michoro ya zamani ya saketi hadi kwenye kompyuta. Miaka ya 1990 Robert Bristow-Johnson akaziandika fomula fupi ambazo leo hata kivinjari chako cha intaneti kinazifuata. Ukivuta kile kitufe, unaendesha michoro ya koili na kapasita.

Ila kuhamisha kuna bei. Kwenye hesabu ya waya, masafa hayana mwisho. Kwenye vipimo 44,100 kwa sekunde, mwisho ni hezi 22,050. Kwa hivyo mstari usio na mwisho lazima ubanwe uingie kwenye mfupi. Huku chini huoni tofauti: hezi 80 inabaki 80. Huku juu, filta iliyochorwa kukata kwenye hezi 15,000 inajikuta inakata karibu na 11,500. Dawa yake ni mhandisi kuchagua sehemu moja ambayo lazima ibaki kweli, kisha anaisogeza mapema upande wa pili ili ikibanwa itue mahali pake. Sehemu moja. Zile zingine zitasogea tu.

Kitu kikihamia kwingine kinapinda, na sisi hapa tunajua. Mwaka wa 1950, Kapkatet, Hugh Tracey alirekodi Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha". Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri. Jina lilipinda, wimbo ukawa mwingine kabisa, na ni mtamu. Mwaka wa 2015 rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet, na waliokuwa bado hai wakajisikia wakiwa vijana. Hilo liliwezekana kwa sababu maktaba ya muziki kule Afrika Kusini iliziweka miaka yote hiyo.

Mimi sikuweka. Na siwezi kulaumu kitufe. Filta haijui kelele ni gani na kugo ni gani, inajua tu namba uliyoipa. Kuna filta nyembamba inayolenga hezi 50 na kuacha sauti ya mzee ipite. Ilikuwa kwenye menyu ileile. Nilikosa kujua swali la kuuliza: hapa ni nini lazima kibaki kweli?

Kama kogo wako ana kaseti kwa kabati, ihamishe wiki hii. Kisha toa kopi, ucheze na kopi. Ile faili ya kwanza usiiguse.