Bayume Mohamed Husen: Kijana wa Dar aliyeigiza filamu za Wajerumani, akafia kambini kwao

Kwenye filamu za Kijerumani za miaka ya 1930 kuna sura moja nyeusi inayojirudia nyuma ya mastaa. Leo kabeba sinia, kesho kasimama tu mlangoni. Ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam.

Alizaliwa Februari 22, 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na vita ilipoanza 1914 mtoto naye akaingia jeshini, ana miaka kumi tu. Alijeruhiwa Mahiwa, kusini, mwaka 1917, akakamatwa na Waingereza.

Baadaye akawa mhudumu melini. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Akajibiwa kuwa amechelewa. Basi akabaki huko huko, akawa mhudumu kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na akaanza kuigiza.

Wakati huo filamu zisizo na sauti ndo zilikuwa zinaisha. Za kuongea zilikuja, ila kwa waigizaji weusi mabadiliko hayakuwa makubwa: walitakiwa waonekane, kusikika ni bahati. Kati ya 1934 na 1941 Bayume alitokea kwenye filamu zisizopungua 23, nyingi kwa dakika chache tu.

Moja ni "Die Reiter von Deutsch-Ostafrika" ya 1934, inayohusu vita ile ile aliyopigana akiwa mtoto. Aliomba pia nishani waliyopewa askari wa vita hiyo, akanyimwa. Yaani kuigiza vita ruksa, kutambuliwa kwamba ulipigana hapana.

Nafasi yake kubwa ilikuja 1941 kwenye "Carl Peters", ambapo staa alikuwa Hans Albers na Bayume akaigiza Ramasan, kiongozi wa njia wa Peters. Hapa ndipo Morogoro inapoingia. Mwishoni mwa 1884 Peters alipita bara akiwasainisha watawala mikataba ya kuchukua ardhi ya Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Ukami ndiyo nchi inayopakana na milima ya Uluguru, na sehemu kubwa ya maeneo hayo leo iko Mkoa wa Morogoro. Huku kwetu Peters alibaki na jina la "Mkono wa Damu". Serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi 1897 kwa ukatili. Filamu ikamfanya shujaa aliyeonewa, na kazi ya kumwonyesha njia akapewa mtoto wa Dar.

Mwaka huo huo, Agosti, polisi wa siri wa Hitler walimkamata Bayume kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, akafia humo Novemba 24, 1944, akiwa na miaka 40.

Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo la shaba lenye jina lake mbele ya nyumba aliyoishi, mtaa wa Brunnenstrasse, Berlin. Na 2013 ikatoka filamu ya maisha yake, "Majubs Reise", iliyotengenezwa na Eva Knopf kwa kutumia vipande vile vile vya filamu za zamani. Safari hii kamera inamfuata yeye, mastaa ndo wako pembeni.