Kipimo cha Selimundu ni Kipi? Misimbo ya Vipimo vya Vinasaba na Mfuko wa Afya Zanzibar

Katika orodha ya bei ya maabara, maneno "kipimo cha selimundu" yanaweza kuwa na maana tatu. Ya kwanza ni tone la damu kuchanganywa na dawa inayoondoa oksijeni, kisha mtaalamu akaangalia kwa hadubini kama seli zimejipinda mfano wa mundu. Ya pili ni elektroforesi: umeme unazivuta himoglobini kwa kasi tofauti, na mistari ya A, S na F inajipanga kila mmoja mahali pake. Ya tatu ni kuisoma jeni yenyewe, HBB, ambayo herufi moja tu iliyobadilika ndani yake ndiyo inayozaa himoglobini S. Kipimo cha kwanza ni rahisi na cha haraka, lakini kinachoweza kuonyesha ni kwamba S imo tu. Hakiwezi kumtenga mtoto aliyerithi S kwa baba na kwa mama, ambaye ni mgonjwa, na yule aliyeirithi upande mmoja tu, ambaye ni mbebaji na huenda akazeeka bila kuugua. Kwa kichanga hata hilo linaweza kukipita kipimo hicho, maana damu yake bado imejaa himoglobini F aliyotoka nayo tumboni.

Sasa tuseme mlipaji ameweka jina moja na bei moja kwa vyote vitatu. Maabara itafanya kipi? Kile cha bei nafuu, na haitakuwa imevunja kanuni yoyote. Mfuko utalipa, mama ataondoka na karatasi, na swali lililomleta litabaki lilivyokuwa.

Hoja yangu ni kwamba msimbo wa kipimo cha kinasaba, yaani namba inayokitambulisha kwenye madai ya malipo, unapaswa kubeba swali linalojibiwa, si jina la ugonjwa wala aina ya sampuli. Na kwa Zanzibar wakati wa kulipanga jambo hili ni huu, kabla vipimo hivyo havijawa vingi.

Zanzibar haikuwa na sababu ya kuumiza kichwa kwa majina ya aina hii. Tangu mwaka 1965 matibabu yalitangazwa kuwa bure, na pasipo ankara hakuna anayegombania jina la kipimo. Kabla ya hapo kulikuwa na mkono wa wafadhili. Jengo la mfanyabiashara Tharia Topan pale Mizingani, ambalo wenyeji bado wanaliita Zahanati ya Zamani, ni ushahidi wa zama hizo. Mambo yamebadilika kwa Sheria Namba 1 ya 2023, iliyoanzisha Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, visiwa vina hiari ya kupanga orodha yao bila kuinakili ya Bara. Mfuko ukishakuwepo kati ya mgonjwa na hospitali, iwe ni Mnazi Mmoja au Kivunge, lazima pawe na lugha ya kudaiana.

Marekani walijifunza lugha hiyo kwa gharama. Hadi mwishoni mwa 2012, maabara zao zilidai vipimo vya jeni kwa hatua: namba moja ya kutoa DNA kwenye damu, nyingine ya kuizidisha, nyingine ya kuitenganisha. Mlipaji aliona hatua zote za jikoni asijue kilichopikwa, kwa sababu jeni iliyochunguzwa haikutajwa. Misimbo hiyo ilifutwa mwaka 2013 na nafasi yake ikachukuliwa na misimbo inayotaja jeni. Mwaka 2018 jeni ya HBB peke yake ikapata minne, kuanzia 81361 hadi 81364: wa mabadiliko yanayojulikana sana, wa yale yanayojulikana katika familia husika, wa vipande vilivyopotea au kujirudia, na wa kuisoma jeni nzima. Jeni ni moja, maswali manne.

Sisemi tuinakili orodha hiyo. Ni mali ya Chama cha Madaktari cha Marekani na hutumiwa kwa leseni. Upo mfumo wa LOINC wa kutaja vipimo vya maabara, usio na malipo, na upo uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani. Cha kuazima ni funzo.

Mhasibu atapinga, na ana haki. Atasema vipimo hivi ni vichache na ghali, na ukifungua mlango wataingia matapeli. Mwaka 2019 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashtaki watu 35 kwa madai ya zaidi ya dola bilioni 2.1 ya vipimo vya jeni za saratani. Wazee walifuatwa hadi kwenye maonyesho ya afya, wakasuguliwa mashavu kwa pamba, na madaktari wasiowajua wakatia saini. Misimbo inayotaja jeni ilikuwepo tayari. Kwa hiyo nakiri kwamba jina sahihi la kipimo halizuii wizi. Linaloweza kuupunguza ni jina hilo kufungamanishwa na sababu: nani aliomba, kwa dalili gani, na jibu litabadilisha nini katika matibabu. Hoja ya uchache nayo siikubali. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Malaria, ambayo mtafiti Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kuwa ndiyo iliyoipa jeni hii nafasi ya kuenea, Unguja imepungua sana, lakini jeni haikuondoka nayo.

Gumu zaidi ni la siri. Katika ICD-10, yaani uainishaji huo wa Shirika la Afya Duniani, D57.1 ni mgonjwa wa selimundu na D57.3 ni mbebaji. Tofauti ya tarakimu moja, na karatasi yenye tarakimu hiyo hupita dirisha la mapokezi, maabara, uhasibu, kisha ofisi ya mfuko. Mji Mkongwe ni mji wa vichochoro na mabaraza. Karani wa madai anaweza kuwa binamu wa mchumba. Posa imeshawahi kuvunjika kwa uvumi mdogo kuliko huo. Ndiyo maana ningependa ankara itaje kipimo na sababu ya kukiomba, na jibu libaki kwenye jalada la daktari. Kipimo hulipwa kwa kufanyika, si kwa kilichopatikana.

Kisha kuna jamaa. Kadi ya bima ina mchangiaji na wategemezi wake, lakini jibu la jeni halijui mipaka ya kadi. Mtoto wa Jang'ombe akithibitika ana SS, yaani S ya baba na ya mama, wazazi wote wawili kwa kawaida ni wabebaji, na shangazi yake wa Makunduchi anayetarajia kuolewa ana sababu ya kupimwa akiwa mzima kabisa. Kadi ya kaka yake haimhusu, na katika fomu ya madai, penye nafasi ya kuandika ugonjwa, hana cha kuandikiwa.