Esta Mbele ya Mfalme: Maigizo ya Mabinti wa Saint-Cyr

Swali la kuigiza Maandiko shuleni si geni katika Kanisa. Martin Luther, katika dibaji zake za vitabu vya Yudithi na Tobiti, alidhani kwamba Wayahudi wa kale waliviigiza ili kuwafundisha vijana wao, wala hakuona ubaya. Lakini tusomapo habari za Saint-Cyr, karibu na Versailles nchini Ufaransa, twaona jinsi jambo jema liwezavyo kuharibiwa na watazamaji wake.

Shule hiyo ya bweni ilianzishwa mwaka 1686 na Madame de Maintenon, aliyeolewa kwa siri na Mfalme Louis XIV, kwa ajili ya mabinti 250 wa makabaila waliofukarika. Waliigiza ili wajifunze kusema vema na kunoa kumbukumbu. Walipoigiza Andromaque, tamthilia ya Jean Racine yenye mambo ya mapenzi, waliimudu mno hata mlezi wao akaingiwa na hofu. Akamwomba Racine, aliyekuwa ameacha kuandikia jukwaa tangu mwaka 1677, atunge mchezo wa kumcha Mungu. Ndipo ikazaliwa Esther, pamoja na nyimbo za mabinti wa Israeli.

Tarehe 26 Januari 1689 iliigizwa mbele ya mfalme. Sifa zikaenea, na wakuu wakagombea nafasi ya kuketi. Baadhi ya makasisi walinung'unika. Inasimuliwa kwamba mabinti wengine walikataa kuimba zaburi kanisani, wasije wakaharibu sauti zao. Hivyo Athalie, iliyotokana na 2 Wafalme 11, ilichezwa mwaka 1691 bila mavazi ya jukwaani wala mapambo. Mwaka 1692 shule ikageuzwa kuwa nyumba ya watawa.

Kosa lilikuwa la nani? Wakubwa ndio walioikaribisha fahari ya dunia bwenini, kisha mabinti ndio waliorudiwa kwa kiburi. Esta wa Biblia aliingia kwa mfalme ili kuwaokoa watu wake; hawa waliletewa mfalme ili wamburudishe.

Nasi tunaotayarisha maigizo ya Krismasi na Pasaka katika shule na shirika zetu, na tujiulize: kiti cha mbele tumemwekea nani? Tusiwaadhibu watoto kwa mbegu tuliyoipanda sisi wenyewe.