Muda wa Kuitikia Neno: Historia ya Kipimo, na Watoto wa Singida

Muda upitao kati ya mtu kuonyeshwa neno na kulijibu ni kipimo ambacho wataalamu wa elimunafsi ya lugha hukitegemea sana, lakini hakikuzaliwa miongoni mwa wanalugha. Kilizaliwa kwa wanafalaki, tena kwa dhuluma. Mwaka 1796 Nevil Maskelyne, mkuu wa jumba la kutazamia nyota la Greenwich, alimfukuza msaidizi wake David Kinnebrook kwa sababu saa alizoziandika za nyota kupita mbele ya uzi wa darubini zilichelewa kuliko zake mwenyewe kwa sehemu nane za kumi za sekunde. Alimdhania kuwa amejizoeza vibaya. Baadaye Friedrich Bessel wa Königsberg alionyesha kwamba hata mabingwa wa kazi ile hutofautiana, kwani kila mtu ana kawaida yake ya kuunganisha alionalo kwa jicho na alisikialo kwa sikio.

Twaanzia huko kwa makusudi, maana kosa la Maskelyne, yaani kuuhesabu muda wa mtu kuwa ni sifa au aibu yake, laweza kurudiwa katika chumba chochote cha darasa.

Mwaka 1868 Mholanzi F. C. Donders alijaribu kuupima muda wa fikira zenyewe. Aliwatamkia watu silabi nao wazirudie: mara moja silabi moja tu iliyojulikana mapema, mara nyingine silabi yoyote kati ya kadhaa, na mara ya tatu wajibu pale tu waliposikia *ki*. (Msomaji wa Kiswahili hana budi kutabasamu.) Kwa kutoa muda mmodi katika mwingine alitumaini kupata muda wa kupambanua na muda wa kuchagua. Njia hiyo ilipingwa upesi, kwa hoja kwamba ukiongeza sehemu moja ya kazi huenda umezibadili na nyinginezo.

Kwa wanalugha mtu mkubwa zaidi ni James McKeen Cattell, Mmarekani aliyesoma kwa Wilhelm Wundt huko Leipzig. Mwaka 1886 alitangaza muda aliouchukua yeye mwenyewe kusoma kila neno kwa haraka yote aliyoiweza, kwa sehemu za elfu za sekunde: Kiingereza 138, Kifaransa 167, Kijerumani 250, Kiitalia 327, Kilatini 434, Kiyunani 484. Jicho ni lile lile, akili ni ile ile. Kilichobadilika ni mazoea tu. Akaongeza kwamba msomaji mwenyewe hatambui kuwa anachelewa, na akapendekeza njia hiyo itumiwe katika mitihani ya shule ili kujua mwanafunzi ameizoea lugha kwa kiasi gani. Mwaka uliofuata alionyesha kwamba hata kutaja jina la picha huchukua muda mrefu zaidi katika lugha ya kigeni.

Pendekezo lile limetufikia kwa njia nyingine. Mwaka 2013 ulifanyika Tanzania upimaji wa kitaifa wa kusoma katika darasa la pili, ambamo yalihesabiwa maneno ya Kiswahili ambayo mtoto aliyasoma sawasawa katika dakika moja. Cattell alipima mazoea ya lugha. Sisi husema twapima kusoma. Je, mambo hayo mawili hutenganishwa vipi mkoani Singida? Huko mtoto mmoja ametoka nyumba ya Kinyaturu (wenyewe hukiita Kirimi), wa pili ya Kinyiramba au Kinyisanzu, wa tatu ya Kidatoga, ambacho si lugha ya Kibantu bali ya Kinailoti. Na kaskazini, upande wa Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe ambao lugha yao yenye vidoko haijathibitishwa kuwa na ndugu. Mtoto wa Kinyiramba akutanapo na neno la Kiswahili aghalabu hukuta shina au kiambishi kinachofanana na cha nyumbani kwao. Mtoto wa Kidatoga hana msaada huo. Kuwapanga wawili hawa kwa sekunde zao na kumwita mmoja mzito ni kumfukuza Kinnebrook mara ya pili.

Tena neno lenyewe si kipimo thabiti. *Hawakutuambia* ni neno moja, nalo limebeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na shina. Kiingereza huyagawa hayo katika maneno matano. Kulinganisha maneno ya dakika moja katika lugha hizi mbili ni kulinganisha magunia bila kuyapima uzito.

Ama hesabu zenyewe, zataka uangalifu. Muda wa kuitikia hauwezi kupungua chini ya kiasi fulani, bali kuongezeka hauna mpaka, hata takwimu zikawa na mkia mrefu upande mmoja. Tuseme mtoto amejibu mara tano kwa milisekunde 600, 620, 640, 660 na 2400, mara ya mwisho mlango ukiwa umebamizwa. Wastani ni 984, muda ambao hakukaribia hata mara moja. Namba ya katikati ni 640. Wengine huyafuta majibu marefu, jambo ambalo mimi naliogopa, kwa kuwa mchelewo huenda ndio habari yenyewe. Mwaka 1973 Herbert Clark aliwakumbusha watafiti kwamba maneno nayo ni sampuli kama watu walivyo: matokeo ya maneno ishirini si matokeo ya lugha nzima. Tangu kazi ya Baayen na wenzake ya mwaka 2008 watafiti wengi hutumia mizani inayohesabu tofauti za watu na tofauti za maneno kwa pamoja.

Kwa Singida, basi, ingefaa mtoto alinganishwe na nafsi yake katika lugha zake mbili, kama Cattell alivyojilinganisha. Lakini si kwa maandishi, kwa kuwa shule humfundisha kusoma Kiswahili, si lugha ya nyumbani. Itumike picha: mbuzi, kibuyu, jembe, mtama, ayataje majina kwa Kiswahili leo na kwa Kirimi kesho, na saa iandike yote mawili.